Ngano Iliyogeuka Ngano: Keki ya Mtoto katika Nyanda za Juu Kusini

Kiswahili kina neno moja, ngano, linalowahudumia mkulima na mtambaji kwa pamoja. Ngano ni nafaka inayosagwa ikawa unga mweupe. Na ngano ni hadithi ya kale anayosimuliwa mtoto kabla ya kulala, ya sungura na fisi, ya mtoto wa mfalme na zimwi. Watungaji wa kamusi huyapa maneno haya nambari mbalimbali, nami sina hoja ya kuyaunganisha kwa shina. Lakini yako majiko, huko Mbeya na Iringa, ambamo ngano hizi mbili hukutana. Mama, na siku hizi hata baba, huchekecha unga, akapiga mayai na sukari, akaoka. Kisha huchukua kisu, akaikata ile keki vipande, akaviunga upya na kuvipaka rangi mpaka vikawa masikio ya sungura, au mkonga wa tembo, au mabehewa ya gari moshi. Yote hayo ni kwa ajili ya mtoto anayetimiza miaka mitatu au minne. Hapo nafaka imekuwa hadithi, na hadithi hiyo inalika.

Wapo wengi, Visiwani kwetu na bara pia, wanaoitazama keki ya siku ya kuzaliwa kwa jicho la shaka. Wengine huiita mwigo wa Kizungu. Wengine huona ni israfu. Na wengine wana hoja ya dini, kwamba sherehe hii haina asili katika mafundisho. Hoja hizo zina uzito wake, wala makala haya hayakukusudiwa kuzifuta. Neno langu ni moja tu: kwamba kitu hiki kinachoonekana kuwa pambo la juzi kimetanguliwa na historia ndefu, na kwamba katika Nyanda za Juu Kusini historia hiyo, tukiifuata mpaka mwisho, inahusu uhai wa mtoto mdogo zaidi kuliko utamu wa meza. Ili keki moja iwekwe mbele ya mtoto wa Mwanjelwa au wa Kihesa, sharti vitu vinne viwe vimepatikana: tarehe, unga, moto na mshumaa. Kila kimoja kilifika kwa njia yake, na kwa gharama yake.

Tarehe

Siku ya kuzaliwa haiadhimishwi mpaka ijulikane. Jambo hili laonekana dogo kwa msomaji aliyezaliwa hospitalini na kuandikiwa cheti, lakini kwa sehemu kubwa ya historia yetu mtu alijua amezaliwa wakati gani bila ya kujua amezaliwa tarehe gani. Sisi wa pwani tulikuwa na kalenda na waandishi, na hata hivyo mtoto alihesabiwa kwa siku zaidi kuliko kwa miaka: siku ya saba kwa akika, siku ya arubaini kwa kutoka nje. Baada ya hapo hesabu yake ya peke yake ilinyamaza, akaingia katika hesabu ya watu wote, ya mfungo na ya mwaka, kama wenyeji wa Makunduchi wanavyouoga mwaka wao katika Mwaka Kogwa. Mazazi yaliyosomwa kila mwaka kwa furaha ya umma yalikuwa ya Mtume, katika maulidi.

Huko nyanda za juu umri ulikuwa jambo kubwa, lakini haukuwa mali ya mtu mmoja. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe katika miaka ya 1930, walikuta desturi ambayo mama yule aliieleza baadaye katika kitabu chake Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Wavulana walipofikia miaka 10 au 11 hivi waliondoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda pembezoni, na hicho kikawa chanzo cha kijiji chao wenyewe, kijiji cha rika moja. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, lakini kwa makundi: leo wote kwa mama wa huyu, kesho wote kwa mama wa yule. Furaha ya kuwa pamoja, kuzungumza na kula na wenzio, waliiita ukwangala, nao waliihesabu kuwa miongoni mwa mambo makuu ya maisha. Katika nchi ya namna hiyo, kumwinua mtoto mmoja na kusema kwamba leo ni siku yake lingekuwa jambo la ajabu. Umri ulikuwa ni ushirika.

Kwa jirani zao Wahehe, miaka ilishikwa na matukio. Mtu aliweza kusema alizaliwa karibu na vita vya Lugalo vya 1891, au Kalenga ilipobomolewa na Wajerumani mwaka 1894, au wakati Mkwawa alipojiua mwaka 1898. Hivyo ndivyo historia ya taifa zima ilivyofanywa kadi ya kuzaliwa ya mtu mmoja mmoja. Tarehe kamili ilianza kuandikwa katika madaftari ya ubatizo: ya Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 wakiongozwa na Theodor Meyer, ya Walutheri wa Berlin waliofika mwaka huohuo katika nchi ya Ziwa Nyasa, na ya Wakatoliki wa Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa, mwishoni mwa karne ya 19. Lakini daftari la kanisa lilimjua aliyebatizwa tu, na mara nyingi lilijua siku ya maji kuliko siku ya uchungu.

Tarehe ya mtoto wa kawaida, awe wa dini yoyote, ilikuja na mizani. Kuanzia mwaka 1984, kwa muda wa miaka mitano hivi, Mkoa wa Iringa ulikuwa uwanja wa mpango wa lishe wa serikali ukisaidiwa na Umoja wa Mataifa, kwa mashirika yake ya UNICEF na WHO, na kwa fedha za Italia. Vijiji 168 viliingia katika mpango huo hapo mwanzo. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilifanya siku ya afya: mama walikusanyika, watoto wa chini ya miaka mitano wakatundikwa kwenye mizani kama mtu apimavyo pamba, na uzito wa kila mmoja ukatiwa nukta kwenye kadi. Kadi hiyo, ambayo kila mama wa Tanzania wa miaka ile anaikumbuka, ilikuwa na njia za rangi: kijani kwa mtoto anayekua vyema, kijivu kwa mwenye upungufu, nyekundu kwa aliye hatarini. Lakini nukta haiwezi kutiwa mahali pake mpaka umri ujulikane kwa mwezi. Hivyo, pamoja na uzito, iliandikwa tarehe ya kuzaliwa. Utapiamlo mkali katika vijiji vile ulishuka kutoka watoto 6 hivi katika kila 100 hadi chini ya 2 kabla ya mwaka 1989.

Mbeya nayo ilikuwa ya kwanza kwa jambo jingine. Mwaka 2013 wakala wa serikali wa usajili, RITA, ulianza katika mkoa huo utaratibu mpya wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, katika zahanati na ofisi za kata, badala ya kuwalazimisha wazazi kwenda wilayani. Baadaye utaratibu huo ulipelekwa Iringa, Njombe na mikoa mingine. Mzazi ambaye babu yake alihesabu umri kwa vita, sasa ana karatasi yenye siku, mwezi na mwaka. Mizani na karatasi hiyo ndiyo misingi ya keki, ingawa hakuna fundi wa keki anayeitaja.

Unga

Ngano hupenda baridi, na baridi haipungui huko Makete, Njombe na juu ya vilima vya Uporoto na Umalila. Wageni wa Kijerumani waliona hivyo mapema, wakaipanda. Wakulima wenyeji nao wakaipokea kama zao la ziada kando ya mahindi na viazi. Katika miaka ya 1920 walifika walowezi wengine. Oktoba 1925 Lord Delamere wa Kenya aliwakutanisha wenzake mjini Tukuyu kushauriana juu ya mustakabali wa Wazungu katika nchi hizi. Chai ikapandwa Mufindi. Na mji wa Mbeya wenyewe ukaanzishwa mwaka 1927, ukakua kwa dhahabu ya Lupa. Katika nyumba za walowezi hao keki iliokwa, lakini aghalabu mkono uliooka ulikuwa wa Mwafrika. Mpishi, mwanamume aliyevaa kanzu nyeupe, alijifunza kwa kutazama na kwa kukumbuka, na maarifa hayo alirudi nayo nyumbani kwake. Njia ya pili ilikuwa ya wasichana wa shule za misheni waliofundishwa kazi za nyumbani, somo ambalo baadaye shule zetu zililiita sayansi kimu. Kwa njia hizi mbili, ya mpishi na ya mwanafunzi, keki iliingia katika nyumba za watumishi wa kanisa, walimu na makarani.

Ilipokuja siasa ya Ujamaa, unga ukawa jambo la dola. Shirika la Taifa la Usagishaji liliundwa mwaka 1968. Kuanzia mwaka 1970 hivi, Tanzania na Canada zilianzisha mashamba makubwa ya ngano huko Basotu, Hanang, ili nchi ijilishe mkate. Yalikuwa mashamba ya matrekta na ya ekari kwa maelfu, lakini yalilimwa juu ya malisho ya Wabarabaiki, na juu ya makaburi ya wazee wao, nao wakafika mahakamani kulalamika katika miaka ya 1980. Tunapoandika historia ya kitu kitamu hatuna budi kuandika na uchungu wake: sehemu ya mkate wa mijini wa miaka ile ilitoka katika ardhi ya watu walionyang'anywa.

Kati ya pwani na nyanda za juu, njia nayo ilibadilika. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na wafanyakazi wa Tanzania, Zambia na China kuanzia mwaka 1970, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita Makambako na Mbeya. Mizigo ya bandarini sasa iliweza kupanda milima kwa behewa. Lakini mara njia ilipopatikana, mizigo ikakosekana. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, sukari, unga, sabuni na mafuta ya kupikia vilitafutwa kwa foleni na kwa kibali. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka hiyo twajua kwamba kikombe kimoja cha sukari kiliweza kuwa zawadi ya harusi. Keki ilirudi kuwa kitu cha kusimuliwa. Kwa wengi wa rika langu ilikuwa ngano ya aina ya pili tu.

Milango ilianza kufunguliwa mwaka 1984, na ikafunguka zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi baada ya 1985. Viwanda vya watu binafsi vikashika kazi ya kusaga. Msomaji wa Visiwani aingiapo duka la Mbeya leo huweza kukuta mfuko wa unga wenye jina la Azam, la kampuni ya Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar. Hivyo hata sisi tuna mkono wetu katika keki ya milimani. Ngano yenyewe, hata hivyo, sehemu kubwa sana hutoka ng'ambo. Ndiyo maana vita vya Urusi na Ukraine, vilivyowaka mwaka 2022, vilisikika katika bei ya andazi la Iringa kabla ya kusomwa magazetini.

Vingine vyote vimo jirani. Sukari huja kutoka Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Maziwa na mayai ni ya nyumbani. Kakao, ile inayompa mtoto keki ya rangi ya udongo, hulimwa Kyela, wilaya iliyo mbele ya nyingine zote nchini kwa zao hilo. Ingawa kwa kawaida punje husafirishwa nje zikiwa mbichi, na unga wa kakao unaorudi dukani huwa umekwisha kupita nchi za watu.

Moto

Nyumba nyingi za Mbeya na Iringa hazina oveni. Keki huokwa kwa sufuria mbili. Kubwa hutiwa mchanga mkavu au vijiwe vitatu chini yake, ikawekwa juu ya jiko la mkaa mpaka ipate moto; ndogo, iliyopakwa siagi na kunyunyizwa unga, hutiwa rojo na kuwekwa ndani ya ile kubwa; kisha mfuniko bapa, na juu ya mfuniko hupaliwa makaa. Moto wa juu huwa mkali kuliko wa chini. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi, maana ndivyo babu na bibi zetu walivyopika mkate wa kumimina na mkate wa mayai. Kwetu neno mkate lilikuwa pana, likabeba vyote hivyo bila ya kuhitaji neno keki. Kwa hiyo anayesema kwamba kuoka kitu kitamu cha mayai ni jambo la kigeni, na atazame kwanza mfuniko wa sufuria ya bibi yake namna ulivyoungua upande wa juu.

Lakini mkono wa pwani ukipelekwa Mbeya bila ya kurekebishwa hushindwa. Mji huo uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na Iringa haiko mbali na mita 1,600. Hewa huko ni nyepesi: mgandamizo wake Mbeya ni kama asilimia 82 ya ule wa ufukweni, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Viputo vya hewa ndani ya rojo hupanuka haraka. Keki hupanda kwa fahari kabla kuta zake hazijashikamana, kisha hutitia katikati ikabaki shimo. Mafundi wa huko hupunguza bekingi pauda na sukari, huongeza maziwa kidogo, na hawayapigi mayai mpaka mwisho wa nguvu zake. Bekingi pauda yenyewe ni uvumbuzi wa karne ya 19: Alfred Bird wa Birmingham aliitengeneza mwaka 1843 kwa ajili ya mkewe, ambaye mwili wake haukupatana na hamira wala mayai, na mwaka 1891, mwaka uleule Wamoraviani walipopanda Rungwe, August Oetker alinunua duka la dawa huko Bielefeld, Ujerumani, ambamo alianza kuifunga katika vipakiti vidogo vya kumfaa mama wa nyumbani.

Baada ya moto huja umbo, na hapa ndipo mzazi anapokuwa mtambaji. Chukua gari moshi, ambalo mtoto wa Mbeya analijua kwa sauti yake. Mikate miwili mirefu hukatwa ikawa mabehewa. Kipande kimoja hukatwa mviringo kikawa kichwa cha treni. Biskuti huwa magurudumu. Siagi iliyopigwa na sukari laini ya aisingi hupakwa juu. Asiyetaka kununua rangi za dukani huzipata sokoni: wekundu kwa maji ya bitiruti, kijani kwa mchicha uliopondwa na kuchujwa, njano kwa manjano kidogo sana ili isinuke mchuzi, kahawia kwa kakao. Na moshi wa treni ni bisi, mahindi yaliyokaangwa yakapasuka, katika mikoa ambayo mahindi yake hulisha nchi. Mtoto wa Iringa huenda akataka tembo, maana hifadhi ya Ruaha, iliyotangazwa mwaka 1964, iko upande wake. Mwingine atataka Akili, yule msichana wa miaka minne katika katuni za Kiswahili zinazotengenezwa Tanzania; na mwingine, tusijidanganye, atataka mtu-buibui wa Marekani.

Mfasiri anaijua kazi hii. Huwezi kuipakua hadithi ya watu wengine kama ilivyo. Unatafuta kilichoko sokoni kwako cha kubeba maana ileile, na pasipo na moshi unatia bisi. Keki ya kununua dukani hutoka imekamilika, na hadithi yake ameichagua mwingine. Ya nyumbani huwa imeinama upande mmoja, na tembo wake huenda akafanana na nguruwe, lakini mtoto ameona tangu asubuhi namna alivyoumbwa, na kila mkasa wake anaujua.

Mshumaa

Sasa tufike kwenye kile kijiti cha nta kinachowashwa juu ya keki. Historia yake ina jambo ambalo wakazi wengi wa Mbeya wangelifurahia. Moja ya kumbukumbu za mwanzo kabisa za keki yenye mishumaa ya umri inatoka Marienborn, Ujerumani, mwaka 1746, katika sherehe ya kuzaliwa ya Ludwig von Zinzendorf. Aliyeandika habari hiyo, Andreas Frey, alieleza kwamba paliokwa keki kubwa kadiri tanuri lilivyoweza kuipokea, ikatobolewa matundu kwa idadi ya miaka ya mwenye siku, na kila tundu likatiwa mshumaa, na mmoja zaidi katikati. Zinzendorf, aliyezaliwa mwaka 1700, alikuwa kiongozi wa Wamoraviani wa Herrnhut, kanisa lilelile ambalo vizazi vingi baadaye lilituma watu wake Rungwe, na ambalo leo lina majimbo yake makubwa Mbeya na Rungwe. Sisemi kwamba wamisionari walishuka na keki mabegani. Desturi hii imefika kwa njia nyingi. Nasema tu kwamba Mmoraviani wa Mbeya awashapo mishumaa minne juu ya keki ya bintiye, anafanya jambo lililokwisha kufanywa katika nyumba ya mwanzilishi wa kanisa lake karibu miaka 280 iliyopita. Frey naye hakuandika kwa kusifu. Alikuwa amewaacha Wamoraviani, akawalaumu kwa anasa. Basi malalamiko juu ya israfu ya keki yana umri sawa na mishumaa yake, na wakosoaji wa leo wasidhani wameyavumbua.

Lakini mshumaa wa Zinzendorf ulihesabu miaka ya mtu mzima aliyefikia 46. Wa mtoto wa Nyanda za Juu Kusini unahesabu kitu kingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano: mtoto mmoja katika kila saba. Uchunguzi wa 2004 na 2005 ulipata 112. Ule wa 2022 ulipata 43, yaani mmoja katika kila 23. Wazee waliochelewa kumpa mtoto jina, waliokataa kununua nguo kabla ya uchungu, waliosema usimhesabu mtoto angali mchanga, hawakuwa wajinga. Walikuwa wanajua hesabu. Ili watu wathubutu kumsherehekea mtoto wa mwaka mmoja kwa jina lake na kwa tarehe yake, ilibidi kwanza wapate sababu ya kuamini kwamba atafika wa pili. Chanjo, vyandarua, zahanati na ile mizani ya kijijini viliitangulia keki, na ndivyo vilivyoipa maana.

Wala kazi haijaisha, na hapa historia inageuka kuwa deni. Uchunguzi uleule wa 2022 ulikuta kwamba Iringa, mkoa wa mahindi, maziwa na viazi, ndio uliokuwa na sehemu kubwa kuliko yote nchini ya watoto waliodumaa, asilimia 57 hivi, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 30. Nchi iliyoionyesha dunia namna ya kumpima mtoto bado haijaweza kumkuza inavyotakiwa. Keki si dawa ya hilo; siku moja ya siagi na sukari haimnyooshi mtoto aliyekosa maziwa siku 364. Lakini mzazi anayejua kuweka mayai manne katika rojo la keki ameyashika mkononi mwake mayai yaleyale yaliyostahili kuwa katika bakuli la mtoto Jumanne na Ijumaa. Mwenye kupima keki hii kwa haki na aipime hapo, kabla ya kuulizana kama ni ya Kizungu.

Lililobaki ni namna inavyoliwa, na katika hilo watu wetu hawakuiga. Kokote Tanzania, keki ikishakatwa hulishwa. Mtoto huchukua kipande kwa kijiti au kwa vidole, akamlisha mama, akamlisha baba, kisha babu na bibi, kisha wageni kwa utaratibu wa heshima, nao humlisha yeye. Mtu wa pwani huona humo adabu ya kulishana ya harusini. Mtu wa Rungwe huenda akaona jambo la kale zaidi: watoto wa rika moja wamekusanyika kwa mama wa mmoja wao, wanakula pamoja, na kesho itakuwa zamu ya mama mwingine. Sherehe iliyodhaniwa imemtenga mtoto na wenzake imewarejesha mlangoni. Siku ni ya mmoja, lakini sahani ni za wote, na mama mwenye busara huhesabu watoto wa jirani kabla hajapima unga.

Ukitazama takwimu zote nilizozitaja, za mizani, za usajili na za vifo, utaona zinaishia mahali pamoja: miaka mitano. Baada ya hapo mtoto hutoka katika daftari la walio hatarini. Kwa hiyo, kati ya mishumaa yote itakayowashwa katika umri wa mtu, wa tano ndio uliotafutwa kwa taabu kuliko yote, na kuna nyumba nyingi za Mbeya na Iringa ambazo zamani haukuwashwa. Ukialikwa siku hiyo, nenda. Usiulize keki imeigwa wapi. Mtazame mtoto anavyovuta pumzi, kisha hesabu pamoja na wenzake mpaka tano.